Daftari la Kanduta

Kaloleni, Nairobi, 2 Machi 2025

Mwanangu Naftaly,

Salamu kutoka nyumbani, na natumai safari hii Kimanzi wa lori la saruji hatakalia barua yangu hadi ikufikie na grisi kama ile ya Januari. Sisi tupo. Miguu yangu inauma asubuhi na kunyamaza ikifika saa nne, kwa hivyo nalalamika nusu siku tu. Bomba la pamoja limekauka tangu Jumanne. Kule kwenye jumba la mikutano wameitisha mkutano mwingine wa kutuambia nyumba zitabomolewa tujengewe ghorofa. Hadithi hiyo nimeisikia tangu baba yako yu hai, na bado nalala chini ya vigae vile vile vinavyovuja.

Usiniulize tena kwa nini siongei nawe kwa simu. Simu yako ya Jumapili inasikika nusu, na nusu nyingine mkeo huimaliza akitoka nayo nje. Mimi nilikaa ofisi ya vifurushi ya Reli miaka ishirini na sita, na kitu kisichoandikwa, kwangu hakijasafiri.

Sasa jambo lenyewe. Kanduta hajapona. Ulipoondoka kwenda kujenga hizo nguzo za umeme alikuwa ndiyo kwanza ameanza kushtuka, nasi tukadhani ni gesi ya tumbo. Sasa ana miezi saba na mishtuko imezidi. Akiamka tu, mikono inaruka kando, kichwa kinaanguka kifuani, anatulia, kisha tena na tena mfululizo. Daktari Nyongesa ameshasema ni kifafa cha watoto wachanga, na kwamba kilianzia siku aliyozaliwa akakawia kulia, ubongo ukakosa hewa. Ile dawa ya maji aliyopewa imemvimbisha mashavu na kumpa hasira za chifu, lakini mishtuko iko pale pale. Mkeo Nyawira amechukua likizo ya wiki tatu akae naye. Anaihesabu kutwa na kuandika kwenye kalenda ya jikoni, mahali kila mtu anaona: juzi ishirini na sita, jana thelathini na mmoja. Akitoka mimi naigeuza kalenda iangalie ukuta.

Daktari sasa ana utafiti. Watoto wachache wavutishwe gesi iitwayo haidrojeni, ikichanganywa na hewa, kupitia vibomba viwili vya puani, saa moja kila asubuhi kwa wiki kumi na mbili. Dawa zao waendelee nazo. Anasema huko ng'ambo wameijaribu kwa wanyama na kwa watu wachache, na kwamba huenda ikasaidia ubongo ulioumia kwa kukosa hewa. Huenda. Kwa kikao kimoja alisema "hatujui" mara nne, nikamwuliza mkeo kama tumepanga foleni tangu alfajiri kuja kumsikiliza mtu asiyejua.

Nyawira anataka. Mimi sijasema neno, maana neno la mama mkwe huzaa wajukuu. Fomu ndiyo hii. Tia sahihi au usitie, lakini jibu upesi, mtoto hangojei lori.

Mama yako,
Teresiah Nduta


Kambini, kilomita arobaini kutoka Laisamis
16 Machi 2025

Mama,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kabla sijajua umeandika nini. Mimi ni mzima. Upepo wa huku haupumziki, tunakula mchanga na ugali kwa pamoja, lakini nyama ya mbuzi si haba. Tumesimamisha nguzo ya hamsini na tatu wiki hii. Pole kwa miguu. Paka yale mafuta ya mikaratusi, usiyaweke kabatini kama pambo.

Fomu nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Mama, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimefanya kazi na gesi tangu nitoke shule. Mnataka nitie sahihi mtoto wangu apuliziwe haidrojeni? Unamkumbuka Abdiqadir wa Huruma, aliyekuwa akichaji betri za magari? Aliwasha kiberiti aangalie kama betri ina maji, ikampasukia usoni, na mpaka leo jicho moja halifungi. Kilichopasuka hakikuwa maji. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni haihitaji kubembelezwa.

Nataka kujua haya. Inachanganywa kiasi gani? Nani anayepima? Chumba kina dirisha? Kuna mtu anachemsha chai kwenye kona, kwa sababu hakuna hospitali isiyokuwa na mtu anayechemsha chai kwenye kona? Nilimwuliza Nyawira kwa simu akaniambia, "Babe, kuna mashine." Mashine. Najua kuna mashine, hata betri ya Abdiqadir ilikuwa na mashine.

Sitii sahihi. Enda wewe uulize, wewe hukubali majibu ya nusu. Nyawira amechoka, na mtu aliyechoka hukubali chochote.

Mwanao,
Naftaly


Kaloleni, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako imefika, na maji pia yamefika, kwa hivyo wiki hii sina ugomvi na kaunti. Mafuta ya mikaratusi nimepaka. Sasa nanuka kama kanisa lililofungwa, lakini miguu imetulia.

Nilienda nikauliza kila ulichoandika, nikisoma kwenye karatasi yako. Daktari Nyongesa akaketi akanijibu moja moja. Gesi yenyewe ni sehemu mbili katika mia. Anasema ili ishike moto lazima ifike nne, na mashine inapiga kelele na kujifunga ikizidi mbili na nusu. Dirisha lipo. Chai wanachemshia jengo la pili, nilikwenda nikaangalia. Nilimweleza habari ya Abdiqadir na betri yake na hakucheka. Nikampendea hapo.

La pili utakasirika, basi kasirika ukimaliza urudi. Nyawira hakukungoja. Sahihi ya mzazi mmoja inatosha, akatia yake, na mimi nikatia yangu kama shahidi. Kanduta alianza kuvuta gesi tarehe ishirini na nne Machi. Hakulipuka. Siku ya kwanza alilala usingizi saa nzima, na mimi ndiye niliyekuwa natokwa jasho.

Mkeo amerudi kazini. Ni msimu wa sare za shule, kule kiwandani wanashona siku saba, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi mtoto kalala. Kwa hivyo hospitali nampeleka mimi, na daftari la kuandika mishtuko ya kila siku ninalo mimi. Aliniambia, "Cucu wa Kanduta, utaweza? Na usifiche kitu kwa hiyo buku." Nikamwuliza nani alikuwa akiandika vifurushi vya Nairobi mpaka Kisumu, na kipi kilipotea.

Sasa sikia. Wiki ya kwanza ya gesi: tisa, tisa, nane, tisa, tisa, tisa, tisa. Muuguzi alipoona alikwenda kumwita daktari. Daktari akalitazama daftari akiwa amesimama. Alikuwa amepanga kumwongezea dawa ya pili, ambayo hakuipenda kwa sababu inaweza kuharibu macho. Sasa anasema ikiwa mishtuko imeshuka hivi, tuiweke kando kwanza hiyo dawa. "Tusishangilie bado," akasema, lakini uso wake ulikuwa umeshaanza. Nyawira alipoambiwa alilia akiwa kwenye sinki, sufuria mkononi.

Mama yako,
Teresiah Nduta


Kambini, 20 Aprili 2025, Pasaka

Mama,

Heri ya Pasaka. Tulichinja mbuzi wawili na mpishi akawachemsha kama nguo. Nguzo ni sitini na moja. Mvua imeanza kunyesha milimani, na Kimanzi anasema laga, hii mito mikavu ya huku, zikijaa atalala njiani hata wiki tatu, basi sijui utaisoma barua hii lini.

Niliposoma kuwa mmemwanzishia bila mimi, niliitupa barua chini. Halafu nikafika pale pa tisa, nikaiokota. Nikawaambia watu wote wa kambi. Mkandarasi mwenyewe alinipa mkono.

Usiku nikaisoma tena na kuna kitu kikaanza kunikera. Mama, wakati wa sensa ya mwaka wa tisini na tisa nilikuwa na miaka minane. Yule karani alisimama mlangoni akakuuliza una watoto wangapi, ukamwambia, "Wa kutosha." Akakuuliza tena, ukamwambia kama wangekuwa wachache angeona nafasi. Baba akatoka nje akamtajia hesabu, na hukusema naye siku mbili. Na vifaranga je? Kuku wako alipoangua kumi na wanne ulituambia ni tisa waliojaa. Ulisema kiumbe hai hahesabiwi, na ikibidi, tunaishia tisa iliyojaa, kwa Kikuyu chetu kenda muiyuru, kama mama yako na mama yake walivyofanya. Sikuwahi kukusikia ukitaja kumi kwa kitu kinachopumua.

Kwa hivyo nakuuliza kwa heshima yote. Hizo tisa ni tisa? Au ni tisa za vifaranga?

Kama ni za vifaranga, daktari anamnyima mtoto dawa ya pili kwa sababu ya mwandiko wako. Mwambie. Mwambie wewe mwenyewe, kesho yake ukipata barua hii. Sijamwambia Nyawira na sitaki kumwambia. Nyinyi mnaishi nyumba moja, na mimi sitaki kuwa mtu aliyewasha moto kwa simu akiwa mbali.

Mwanao,
Naftaly


Kaloleni, 4 Mei 2025

Mwanangu Naftaly,

Kumbe Pasaka imepita bila hata mstari kutoka kwako. Mke wa Kimanzi anasema lori limekwama ng'ambo ya laga moja huko na yeye amelala ndani yake. Barua hii nampa mpwa wake anayekuja huko kwenu na gari la wapimaji, angalau wewe upate yangu hata kama mimi sipati yako. Hapa mvua imekuja kwa fujo. Nimeweka masufuria matatu chini ya vigae, na Nyawira akirudi kazini anayamwaga na kuyapanga upya bila kusema, kwa sababu ana mpango wake wa masufuria.

Kanduta anaendelea na gesi. Daftari ni tisa, tisa, tisa. Siku moja nane, siku moja saba, alikuwa na mafua akalala sana. Yule binti wa kompyuta wa utafiti huchukua daftari kila Ijumaa, anaandika upesi upesi na kunirudishia.

Tumekuwa watu mashuhuri kule kwenye foleni. Wanamwita mtoto wa Kaloleni. Kuna mama mmoja wa Huruma, Anab, mtoto wake Khalif ana ugonjwa huu huu na alianza gesi wiki mbili baada yetu. Anab ni mwanamke kijana, mpole, anamletea kila mtu sambusa. Kila asubuhi ananishika mkono na kuniambia, "Mama, tuombee na sisi tufike tisa." Mimi naitika.

Kitu kimoja tu. Kanduta siku hizi hanitazami. Namwita, anatazama taa. Ule mcheko wake wa kusikia mlango ukifunguliwa sijausikia tangu katikati ya mwezi uliopita. Muuguzi anasema labda ni uchovu. Mimi pia nimechoka, na bado nawatazama watu.

Andika.

Mama yako,
Teresiah Nduta


Kambini, 11 Mei 2025

Mama,

Wapimaji wanaondoka sasa hivi, dereva anapiga honi. Nimepata yako ya tarehe nne na ni wazi yangu ya Pasaka hujaipata. Iko ndani ya lori la Kimanzi. Ukiipata utaona niliyouliza. Ninauliza tena hapa: ni tisa kweli?

Hatazami. Umeandika kwamba hatazami, halafu ukaendelea na habari ya uchovu wako. Mama, nenda kwa daktari.

Jumapili iliyopita nilipanda kilimani penye mtandao nikaongea na Nyawira dakika kumi. Alikuwa anaimba akikunja nguo. Aliniuliza mbona niko kimya, nikasema upepo.

Naftaly


Kaloleni, 1 Juni 2025

Mwanangu Naftaly,

Ni Sikukuu ya Madaraka, watoto wa jirani wamevaa bendera na redio ya kila nyumba inahutubia. Mvua imekatika. Natumai wewe ni mzima na mchanga umepungua kwenye ugali. Nimemaliza salamu.

Barua zako mbili zimefika siku moja, Alhamisi tarehe ishirini na mbili. Kimanzi alizileta mwenyewe, ile ya pili wapimaji wakiwa wamemwachia njiani, ametapakaa matope, na nilimpa chai kabla sijajua alichoniletea. Nilikasirika. Uliniita mwongo kwa adabu, na mtu akiitwa mwongo kwa adabu hawezi hata kujibu vizuri. Niliziweka chini ya mto siku nne.

Mimi sikudanganya. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Kila siku iliyopita tisa, niliandika tisa na kujaza kile kichwa chake kwa wino, kikawa cheusi tii. Tisa iliyojaa. Siku za nane na saba niliandika nane na saba. Mwanamke yeyote wa rika langu kutoka kwetu angelifungua daftari lile na kuona siku zilizojaa na siku zisizojaa. Yule binti wa kompyuta yeye aliona tisa akabonyeza tisa. Daktari Nyongesa hakukulia kwetu. Na mkeo amezaliwa mtaa wa Tena, hapa hapa mjini, mambo ya kuku hayajui, hata akiliona daftari anaona bibi kizee asiyejua kushika kalamu.

Utasema ile tisa ni ya watu na vifaranga, si ya mishtuko. Na Kanduta si mtu? Anaitwa jina langu. Kila mshtuko ninaouhesabu najihesabia mwenyewe. Mkeo alipokuwa akiandika thelathini na mmoja pale ukutani, nilikuwa nasikia mgongo wangu ukiingia baridi. Na kweli niseme, nilitaka gesi ifanye kazi. Daktari alipoikunjua ile sura yake nikasema moyoni labda yeye anaelewa, labda tisa iliyojaa ni ndogo kuliko ile ya zamani. Sikuihesabu, basi ningejuaje? Nilijifanya sijui kitu ambacho nilikuwa nimekikataa kukijua.

Jumatatu tuko kwenye foleni, Anab akaniketia karibu. Akasema, "Mama Kaloleni, si ni ukweli wako amebaki na tisa? Mimi hii syrup ya Khalif nimechoka nayo, imemfura uso. Nataka kuwachisha. Gesi pekee inatosha, si wewe umeona?"

Nikamwambia usiwachishe.

"Kwani wako hakupata nafuu?"

Kanduta alikuwa mapajani, macho kwenye taa. Nikamwambia Anab mimi sijui wangu ana ngapi, kwa hivyo asimfuate mtu asiyejua. Akanitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Nikainuka na daftari langu, nikapita foleni yote, watu wakinung'unika, nikaingia kwa daktari bila kuitwa.

Nilimfungulia ukurasa nikamwonyesha wino. Alipitisha kidole juu ya tisa moja, kisha akaniuliza, "Mama, hii tisa iliyojaa ni ngapi?" Nikamwambia sijui. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Hakupaza sauti, na ningependelea angepaza.

Wakamvika mtoto ile kofia ya nyaya, akasinzia. Alipoamka ikaanza. Daktari akaniambia, "Tuhesabu pamoja, kwa sauti, nione kama tunahesabu kitu kimoja." Nikahesabu. Mmoja, miwili, mitatu. Nilipofika tisa nikafunga mdomo. Mtoto akaruka tena. Daktari ananitazama. Akaruka tena. Akasema, "Mama, hiyo yote inapotea." Nikasema kumi. Nikasema kumi na mmoja. Nilikuwa naona kama ninamwita mtu mbaya kwa jina lake aje mlangoni. Tulifika thelathini na minne kabla hajatulia, na hiyo ni asubuhi tu.

Karatasi ya kile kipimo cha ubongo imetoka mbaya kuliko ya Januari. Dawa ya pili ameanza siku hiyo hiyo, na macho yatapimwa kila mara. Gesi imesimamishwa, ametolewa kwenye utafiti, na kurasa zangu wameziweka kando zisije zikadanganya watoto wa wengine. Nikamwuliza daktari, je gesi inafaa au haifai? Akasema bado hajui. Safari hii sikumcheka.

Nyawira nilimwambia mwenyewe jioni ile, nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nilikuwa naimba, Cucu." Tangu siku hiyo ananisalimia, ananipakulia, na hasemi kitu kingine.

Mama yako,
Teresiah Nduta


Kambini, 8 Juni 2025

Mama,

Sina salamu nyingi. Ni mzima. Nguzo sitaji.

Miezi miwili. Nimekaa na barua yako kwenye kivuli cha winchi nikijaribu kuwa na hasira moja, lakini zinakuja nyingi zikigongana mlangoni. Ungeweza kuchora mstari. Ungeweza kuweka maharagwe kwenye mkebe, Nyawira akayahesabu jioni. Ungeweza kumwambia muuguzi, "Mimi nashindwa na jambo hili, andika wewe." Ofisi nzima ya vifurushi ilikuwa inakuogopa kwa usahihi wako, na mjukuu mmoja ukamwandika kwa wino wa kujaza.

Daktari anasema nini kuhusu muda uliopotea? Atarudi kutazama watu? Hilo hukuliandika.

Nyawira hapokei simu. Jumapili mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni mtandao. Je, umemwambia kwamba niliuliza tangu Pasaka? Umemwonyesha barua zangu? Kama hujamwonyesha, zichome. Si kwa ubaya, Mama. Ana ya kutosha kwa sasa.

Naftaly


Kaloleni, 29 Juni 2025

Mwanangu Naftaly,

Salamu. Baridi imeingia, asubuhi naona pumzi yangu mwenyewe chumbani. Fundi wa vigae amekuja, amepanda, ameshuka, ameomba chai, ameondoka, na panavuja palepale.

Naanza na ulichouliza. Daktari anasema hajui miezi miwili imechukua nini. Anasema watoto wanaotibiwa mapema hufanya vizuri zaidi, na sisi tulichelewa, na atajua kidogo kidogo kadiri mtoto anavyokua. Shingo bado haijakaza. Wiki iliyopita Nyawira alifungua mlango na Kanduta akageuza kichwa. Hakucheka, aligeuza tu. Sitaki kukuandikia zaidi ya nilichoona, nimeshaandika vibaya vya kutosha.

Khalif wa Anab anaendelea na gesi na anaendelea na syrup. Anab sasa hukaa benchi la pili. Sambusa bado ananipa, lakini haniambii tena tumwombee.

Barua zako sikuzichoma na sikumwonyesha mtu. Ulisema nizichome si kwa ubaya. Mimi hilo nalijua vizuri, kwa sababu hata wino wangu haukuwa wa ubaya. Umeniorodheshea maharagwe, mistari na wauguzi, na yote ni kweli, na nimeyameza. Sasa nawe meza. Ulijua siku ya Pasaka. Ulikuwa na kilima chenye mtandao na mke anayepokea simu kila Jumapili. Neno lako lingefika kwa dakika moja, ukalipakia kwenye lori la saruji lingoje maji ya laga yashuke, ili Mama asiaibike na Nyawira asikasirike na wewe usiwepo. Uliposema upepo, mtoto alikuwa akishtuka. Mimi nilikataa kuhesabu na wewe ukakataa kusema, na sijui nani kati yetu alimkawiza zaidi.

Mkeo anafikiri ni mimi peke yangu. Sijamsahihisha. Nimebeba sehemu yangu, na yako ninaweza kuibeba pia, mgongo wa mama ni mpana, lakini kila akinipakulia bila kunitazama naona unazidi kuchelewa. Yeye hapokei simu kwa sababu ananikasirikia mimi na wewe ni mwanangu. Hajui kwamba ana sababu nyingine. Atakapoijua sitaki aijue kwangu.

Daftari bado ninalo. Nyawira hakuninyang'anya, nilidhani ataninyang'anya. Kila jioni, hata akirudi amechoka namna gani, anasimama mlangoni na kuuliza, "Leo?" Hilo ndilo neno lake pekee kwangu lisilo la chakula. Wiki ya kwanza ya dawa nilimjibu arobaini na mbili, nikamjibu thelathini na minane. Naitoa namba polepole na yeye anangoja nimalize. Wiki ya pili ishirini na sita. Ya tatu kumi na tisa, kumi na saba, ikapanda ishirini na mmoja, ikashuka.

Jana aliuliza, "Leo?" Nikamwambia kumi. Akauliza, "Kumi kumi?" Nikamwambia kumi, nimehesabu mmoja mmoja. Akaketi chini sakafuni na viatu vyake.

Nilisema kumi kwa sauti, Naftaly, mtoto akiwa mapajani mwangu anasikia. Panda kilimani ukaseme lako.

Mama yako,
Teresiah Nduta